Jiwe la Mama Kwenye Foleni ya Sukari

Mama yangu alivunjika nyonga kwenye foleni ya sukari, na yeye alikuwa mgonjwa wa kisukari. Nimewasimulia watu wengi habari hii, na wote huanza kwa kucheka. Siwalaumu. Hata mimi ningecheka kama sukari yenyewe isingekuwa yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, dukani hakuna kitu isipokuwa muuzaji. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Itaka kwa mama kujifungua mtoto wangu wa kwanza, maana kwetu uzazi wa kwanza hulelewa na mama mzazi. Kulelewa maana yake ni uji mwepesi wa ulezi, wenye sukari, asubuhi na jioni. Mama alisema mzazi asiyepata sukari hatoi maziwa. Hakuna aliyembishia. Mama yangu habishiwi.

Kisukari alikuwa nacho tangu nikiwa darasa la tano. Mganga wa zahanati alimwambia apunguze kula. Mama hakujua kupunguza kitu nusunusu. Aliacha sukari, akaacha ndizi mbivu, akaacha maziwa na dagaa ambavyo hakuna aliyemkataza, akakonda akabaki kama mwiko. Shambani kwenye kahawa akawa haendi tena, kwa sababu miguu ilikufa ganzi na macho yaliona ukungu hata siku isiyo na ukungu. Akashinda jikoni. Mwaka mmoja kabla ya uzazi wangu aliteleza barazani akavunjika mkono. Tulililaumu baraza, tukalikandika upya.

Alikuwa na hamu moja tu iliyobaki: kumbeba mgongoni mjukuu wake wa kwanza. Kitenge alikwisha kukiagiza Tunduma kabla hata tumbo langu halijaonekana.

Foleni ya kijiji chetu ilikuwa ya mawe. Ikisikika kwamba sukari inakuja, kila kaya ilipeleka jiwe lake mbele ya duka la kijiji, likakaa mstarini badala ya mtu, nanyi mkaendelea na kazi zenu. Balozi wa nyumba kumi aliyajua mawe yote kama alivyowajua wenyewe. Letu lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia. Sheria ilikuwa moja: duka likifunguliwa, mwenye jiwe asimame nyuma ya jiwe lake.

Nilimwambia, "Mama, niache niende mimi." Mtoto alikuwa na siku nne.

"Mzazi wa siku nne akasimame juani? Watasema huna mama."

Nikamwacha aende. Uji usio na sukari ulikuwa umenishinda, nami niliutaka ule wa sukari. Nalisema hili wazi kwa sababu limenikaa rohoni miaka yote.

Asubuhi ile mama alitembea hadi penye jiwe lake, na mguu usiohisi kitu haukumwambia kwamba amefika. Akajikwaa kwenye jiwe lake mwenyewe, akaanguka ubavu. Waliokuwepo walisema hata kishindo hakikusikika. Nyonga ikavunjika.

Kijiji kiligawana kazi. Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda hadi barabarani kutafuta lori la kumfikisha hospitali. Balozi aliamua kwamba mwenye jiwe ameumia akiwa foleni, kwa hiyo nafasi yake haipotei. Jirani yetu akawa analisogeza lile jiwe kwa mguu, kidogo kidogo, hadi dirishani. Jiwe likapewa kilo moja. Nililetewa sukari kabla sijajua kwamba mama ameanguka. Jirani aliona heri aanze na habari njema.

Hospitali walimlaza miezi, mguu ukivutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga. Nilipokwenda kumwona, daktari alinieleza bila haraka. Kisukari cha muda mrefu hudhoofisha mifupa, na kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, aliyekonda, asiyekunywa maziwa, asiyetoka juani wala kutumia viungo vyake, huidhoofisha zaidi. Miguu isiyohisi na macho yasiyoona ndivyo vinavyomwangusha. Mkono uliovunjika mwaka uliopita ulikuwa onyo, alisema. Nikakumbuka tulivyolikandika baraza, nikaona aibu.

Alirudi na magongo mawili, mguu mmoja mfupi. Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa. Ile kilo nilikuwa sijaifungua, imeganda bonge. Nikaimega, nikakoroga uji, mama akinitazama kutoka kitandani.

"Imekolea?"

"Imekolea, mama."

"Basi kunywa wote. Mtoto anyonye."

Nikanywa wote mbele yake. Kisha akaomba kile kitenge. Nilidhani anataka kujaribu, nikaanza kukataa. Akaniambia nichuchumae, nimpe mgongo. Akamweka mtoto mgongoni kwangu, akamfunga kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo mara mbili.

"Sasa tembea hapo uani," akasema. "Nikuone."