Nyuma ya Mgeni Rasmi

Mama wa kitalu husema na miche kama bibi anayegombeza wajukuu: "Nyanyuka basi, nawe umezidi uvivu!" Kucha zake zina udongo usiotoka hata siku ya harusi, na wembe haukosi mfukoni mwake. Siku ya taifa ya kupanda miti, mgeni rasmi alipanda wa kwanza mbele ya zahanati ninayolinda, wakubwa wengine wakafuata, makofi yakapigwa, magari yakaondoka. Mama akabaki. Akapiga magoti, akaung'oa mche wa mgeni rasmi.

"Mama, utanifukuzisha kazi!"

"Njoo uone, baba." Mche ulikuwa umefukiwa pamoja na kifuko chake cha plastiki. Akakichana kwa wembe, akaurudisha shimoni, akaushindilia udongo kwa viganja. "Mizizi haisikii hotuba." Akauendea wa pili, wa tatu, mpaka yote arobaini.

Leo miti ile imekua, na wagonjwa wanangoja zamu zao kivulini. Kibao cha ukumbusho kina jina la mgeni rasmi, nami hukipangusa vumbi kila asubuhi, ndiyo kazi yangu. Lakini ahsante yangu huliendea gauni lile la Mama, lililochafuka magotini.