Wawili Waliozidi Vidole vya Marsiana

Marsiana, mkulima wa ulezi mlimani juu ya kijiji cha Pito, aliwahesabu watoto wake kwa vidole, na vidole vilimtosha. Alizaa kumi na wote, ashukuriwe Mungu, wakakua. Dada yake alipofariki akaachiwa mabinti wawili, Adela na Bertilla.

Padri Wilibrodi, Mholanzi wa misheni, akamtania: "Sasa una twaalf!" Akaeleza kwamba hata mababu wa Waholanzi walihesabu kwa vidole hadi kumi, mikono ikajaa. Basi kumi na moja wakaiita elf, yaani mmoja kabaki. Kumi na mbili ikawa twaalf, wawili wamebaki. Kuanzia kumi na tatu ndipo wakaunganisha: tatu-kumi, nne-kumi. Haya, Wazungu nao! Marsiana alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwaka wa sabini na nne Operesheni Vijiji, ya serikali kuwahamishia watu vijiji vipya, ikawafikia. Mgambo walisema ikifika adhuhuri nyumba zitachomwa. Lori linanguruma, mizigo inarushwa juu, dereva anafoka, "Mama, watu wako wametimia?" Marsiana akagusa vichwa akikunja kidole kwa kila kimoja. Vidole vikaisha.

"Wametimia! Twende!"

Darajani wakakutana na padri akija na pikipiki. "Twaalf?" akapaza sauti.

Marsiana akatazama ngumi zake mbili. Jamani! Si aliwatuma mwenyewe Adela na Bertilla wakamkamate kuku ndani? Nyuma, moshi ulishaanza kupanda. Akaruka chini, akapanda pikipiki, yeye ambaye hakuwahi hata kuigusa, akaing'ang'ania kanzu ya padri. Njia nzima alisali Salamu Maria, akakosea, akarudia mwanzo. Wakiungua, atamwambia nini dada yake?

Paa la jirani lilikuwa linawaka. Mlangoni kwake mgambo amesimama na kijinga cha moto. Marsiana akampiga kikumbo, akaingia.

Walikuwa wameketi wakiegemea ukuta, kuku mapajani mwa Bertilla.

"Mbona hamkuja kwenye lori?"

"Tulikuja, mama mdogo," Adela akasema. "Tukakusikia unasema wametimia. Tukajua sisi hatumo."

Marsiana alilia kwa sauti, mbele ya mgambo, bila haya.

Kwenye kijiji kipya, mjumbe akamwambia ahesabu tena. Akakunja kidole gumba: Adela. Cha pili: Bertilla. Mikono ilipojaa, walikuwa wamebaki wawili, wa kuzaa mwenyewe. Akasimama akiwatazama, akafungua ngumi, akawashika mikono, nao wasije wakaachwa.