Nilivyopeleka Posa Mkuyuni kwa Mbinu za Gemu

Leo nacheka, lakini siku ile, jamani, nilitamani ardhi ya Mkuyuni ipasuke inimeze, maana kuaibika mbele za watu ni jambo moja, na kuaibika ukweni, kabla hata hapajawa ukweni, ni jambo lingine kabisa.

Kipindi hicho soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu Morogoro, na kule Bigwa jamaa mmoja akafungua kibanda cha gemu za video, nasi tukahamia humo (na ndevu zangu, msinione hivi). Gemu letu lilikuwa la ngumi, la wawili wawili: unachagua wapiganaji wawili, mmoja anaingia ulingoni, mwenzake anangoja nje, ukibonyeza wanabadilishana. Wengi walichagua mibabe miwili, wakapigwa. Mimi na rafiki yangu Shomari, tukipokezana pedi moja ya kuchezea, tuligundua kwamba wa kwanza lazima awe mtegaji: amwangushe adui, amwekee mtego pale pale chini, halafu kabla hajainuka unapiga kelele "Badili!", wa pili anaingia, adui akinyanyuka hajui ajikinge juu au chini. Bigwa nzima hakuna aliyetuweza.

Basi nikampenda Hadija, binti wa Mkuyuni. Mjomba wangu (na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno) akasema atatafuta mshenga mtu mzima. Nikakataa, nikasema mshenga wangu ni Shomari, na mimi mwenyewe nitakwenda, timu ninayo tayari. Mjomba akanitazama, akasema, "Haya, mwanangu," basi.

Tukakaa jamvini, mimi, Shomari na Mjomba, kwa Mzee Mwinshehe, baba yake Hadija, aliyekuwa na wazee wenzake, birika la chai ya tangawizi mbele yetu. Tulipokwisha kutoa shikamoo, Shomari badala ya kuanza na maneno ya adabu akatega: "Wazee wetu, kuna mwenye sababu ya kumkataa kijana wetu?" Wazee wakaduwaa, maana hata huyo kijana walikuwa hawajatambulishwa. Akanigusa goti, nikaingia: "Kama hakuna, tupeni Hadija!"

Mzee Mwinshehe akauliza taratibu, "Wewe mtoto wa nani, na nani kakufundisha kujiposea?"

Akili ikaruka, mdomo ukatoa ulichokizoea, nikampiga Shomari begani kwa sauti ya kibandani, "Badili! Badili!" Na yule mwendawazimu akasimama kweli! Guu lake likalikumba birika, chai yote ikaishia kwenye kanzu nyeupe ya mkwe (mkwe gani tena!), nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko, na mzee akanyoosha kidole mlangoni. Nikajua Hadija nimemkosa, na nilimpenda, sitanii, machozi yalinilenga.

Hapo Mjomba akavua kofia. "Mwinshehe ndugu yangu," akasema, "wengine huleta kijana kavishwa maneno ya mshenga, kasoro mkazione ndani ya ndoa. Mimi wangu nimemleta na ujinga wake wote nje. Hakuna ulichofichwa. Sasa muulize binti."

Mzee akamkazia macho, kisha midomo ikaanza kumcheza kwa kicheko. Akamwita Hadija, akamuuliza kama anawajua watu hawa, maana binti akisema anamjua ndiyo amekubali.

"Aliyesimama simjui, baba," Hadija akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Aliyekaa namjua."

Njiani nilimshukuru Mjomba mpaka akachoka, na hadi leo namshukuru, maana angeniacha nifukuzwe asingelaumiwa na mtu. Yeye akajibu tu, "Kesho unarudi kufua kanzu."

Nikarudi. Na nimeapa, jambo la wazee nawaachia wazee, timu wapange wao. Nilichuchumaa mtoni nikiisugua ile kanzu mbele ya akina mama wa Mkuyuni, nao wakicheka bila huruma, mmoja akaniambia, "Hapo shingoni bado, mkwe wetu." Niliposikia hilo la mkwe, nikazidisha sabuni.