Baba na Timu Mbovu

Kila nikinusa karanga za maganda, namwona baba kwenye uwanja wa besiboli wa Louisville, akishangilia timu mbovu kuliko zote. Wachezaji wenyewe kazi yao ilikuwa kutafuna na kutema mate. Nusu ya kwanza ya msimu walipigwa hadi aibu. Nusu ya pili ilipoanza, baba akasimama kanisani kuwaombea maombi. Nilimdharau kuliko nilivyowadharau wao.

"Tusiwaache sasa, mama," aliniambia siku moja uwanjani, mimi bintiye. "Wakiendelea hivi watashuka daraja, kama timu zetu za mpira kule Uvira."

Nikacheka. Nikamjibu kwa Kiingereza, makusudi, kwamba timu za besiboli hazishushwi daraja, hata zishindwe mwaka mzima.

Akaacha kumenya karanga. Kule kwetu Uvira alikuwa mkuu wa shule. Hapa ugenini alifunga maboksi kwenye ghala, kitongoji cha Jeffersontown.

"Donc, kwa hiyo hawa wanashindwa kila siku, na mwaka kesho wanabaki palepale?"

"Ndiyo," nikasema, nikijiona mjanja.

Akaitazama fulana yake ya kazi ya ghalani, ya rangi ya machungwa.

"Bon, haya. Twende nyumbani. Hawa hawana haja ya maombi."