Jina Chini ya Rangi Nyeusi

Mimi ndiye niliyemwambia mama ang'oe mahindi. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kidogo cha chai upande wa Kabianga, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa jina la nchi inayonunua kwenye magunia ya karatasi. Nchi moja ya jangwani ilichukua karibu chai yetu yote. Nilidhani kiu yao haina mwisho. Mama akanisikiliza, akapanda chai mpaka mlangoni.

Kisha serikali yetu ikawakaribisha maadui wa serikali yao. Haukupita muda, nchi ile ikafunga bandari yake kwa chai yetu. Meneja alitukusanya stoo. "Msijali. Sasa tutauzia marafiki pekee. Rafiki hawezi kukufungia mlango."

Marafiki walikuja kweli. Walionja, wakatabasamu, wakataka nusu tu, tena kwa bei yao. Walijua hatuna pengine pa kwenda. Wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawa dhiki yetu iliwafaa wao. Niliwachukia.

Nikaambiwa nifute jina la zamani kwenye magunia yaliyobaki. Nilipaka rangi nyeusi mara moja, mara mbili, mara tatu. Ikikauka, herufi zinajitokeza tena. Nikaanza kuziota. Marafiki wakayakataa magunia hayo, nami nikapeleka machache nyumbani. Mama akayapigilia darini jikoni kuzuia masizi.

Siku hizi kituo cha kununulia majani ya wakulima kinapokea siku mbili tu kwa wiki. Mama bado anachuma kila siku, maana chai usipoichuma inageuka msitu. Kisichopokelewa anakimwaga chini ya michai ileile. Kila asubuhi vidole vyake vikikata majani nje ya dirisha langu, najiona kama mwizi aliyemwibia. Unga tunanunua dukani, ukipatikana.

Jana tulikaa jikoni, akatazama juu, akalisoma lile jina polepole.

"Hawa watu, sisi tuliwakosea nini?"

"Si sisi, mama. Ni serikali."

"Na wao walitukosea?"

"Hapana."

Nilingoja aniulize habari ya mahindi, kwa sababu hajawahi kuniuliza hata siku moja. Badala yake akanijazia kikombe, ingawa cha kwanza sikuwa nimekimaliza.

"Kunywa," akasema. "Ni chai tu iko."