Ugoro wa Kuonja

Juzi nilirudi Lodwar, na mlinzi wa duka kubwa akaupekua mkoba wangu mlangoni bila hata salamu. Nilisimama pale, rafiki yangu, pua yangu ikilitafuta duka la jirani yetu: sabuni ya mche, mafuta taa, sukari ya gunia na ugoro.

Zamani jirani alikuwa akionjesha kwanza, ndipo auze. Nyanya yangu alikunjua kiganja, akadondoshewa kidogo, akavuta, akafumba macho, akatoa hukumu.

"Hii ni majivu. Umechoma kitanda yako?"

Jirani alicheka na kufungua mkebe mwingine. Nami nilingoja na dumu la maji kichwani, nikijua hatuondoki upesi. Nyanya alisema kitu usichokionja bado ni cha mwenye duka.

Mwaka wa 2012 jirani aliunganisha duka lake na la mfanyabiashara mmoja wa Kakuma. Mwaka uliofuata kampuni ya ng'ambo ikaingia ubia nao. Kuta zikabomolewa, rafu zikapangwa, maduka yote mawili yakapakwa rangi moja. Jirani akawa meneja, na tai shingoni katika joto lile.

"Duka ni lile lile, mama," alimwambia nyanya. "Njoo tu."

Nyanya alimwamini. Siku ya ufunguzi alichukua mkebe wa ugoro rafuni, akaufungua, akaonja, akapiga chafya mbili, kisha akamkaribisha mwanamke aliyesimama kando yake aonje pia. Mlinzi akamdaka mkono.

"Wee mzee, unaiba?"

"Naiba nini? Naonja! Uliza huyu, yeye anajua mimi."

Alimwonyesha jirani, aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo, akimtembeza mgeni wa kampuni. Watu wote wakageuka. Jirani alimtazama nyanya, akamtazama mgeni.

"Mteja akifungua bidhaa, amenunua," alisema.

Mteja. Nyanya alifungua fundo la shuka lake, akatoa pesa ya unga, akalipa.

Jioni jirani alikuja kwetu na pakiti ya unga. Nyanya aliitikia salamu kwa Kiturkana, "ejok," akampa kigoda. Walizungumza juu ya mvua iliyokataa kunyesha. Hakuna aliyetaja duka, na hakuna aliyecheka. Alipoondoka, unga ulibaki palepale alipouweka, hadi mama yangu akauchukua.

Husemwa kwamba maduka madogo ya zamani yalikufa. La kwetu lilikua, likazaa matawi. Nilichokosa tangu siku ile ni mwenye duka wa kusema mbele ya mgeni yeyote: huyu ni mama yangu, mwacheni.