Pasi ya Shangazi Evelina

Wanaosema yaliyopita si ndwele hawajawahi kubandikwa pasi ya mkaa mkononi. Mimi nilibandikwa. Nilikuwa darasa la tatu, nikilelewa Kiseke kwa Shangazi Evelina baada ya mama kufariki.

Pasi ile ina adabu yake. Ukishaijaza makaa ya moto unatoka nayo nje, unaipunga kwenye upepo wa ziwa mpaka majivu yaishe, unaifuta chini kwa jani bichi la mgomba, ndipo unaigusisha nguo. Jirani yetu, Mama Kija, ndiye aliyenifundisha. Lakini Shangazi kila akiniona naipunga, kofi!

"Unachezea upepo, mvivu we! Pulizia humo humo ndani!"

Siku moja nikapulizia humo humo ndani. Cheche zikarukia shati la kazini la mumewe. Shangazi akaninyang'anya pasi, akanibandika nayo. Hata pole hakunipa.

Leo nina kibanda changu cha dobi Buzuruga, karibu na stendi. Jumamosi iliyopita umeme ulikatika tangu asubuhi, na pasi ya mkaa mtaa mzima ninayo mimi tu. Nani akaja mbio na gauni lake jeupe? Shangazi! Jioni ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Winnie, anayeolewa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ninyooshee upesi, mama mwenye shughuli ndiye mimi."

Nikamwonyesha kovu. "Unalikumbuka hili?"

"We Ng'washi nawe! Mambo ya utoto hayo." Akacheka. Jamani, alicheka!

Pole moja tu ingenitosha. Nikajaza makaa, nikainua pasi nitoke nje kuipunga.

"Unakwenda wapi tena? Mpaka leo unachezea upepo? Lete, nipige mwenyewe!"

Nikampa. Kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akalitandaza gauni mezani, akaiweka pasi juu yake, akajaza mashavu, akapuliza. Majivu yakatapakaa kifuani mwa gauni, na cheche nazo zikatua. Akakurupuka kukung'uta kwa kiganja, akazidi kulipaka weusi. Katikati pakatoboka.

"Mungu wangu! Ng'washi, mbona hukuniambia?"

Moyo wangu ulicheza ngoma, sifichi.

"Pole, Shangazi," nikasema taratibu, nikimkazia macho nione neno hilo linavyomwingia. Kisha nikamuuliza, "Nikukunjie, au utalivaa hivyo hivyo?"